Nailoni ya saileji isichaguliwe kwa bei tu

Kila kiangazi, kuanzia Juni, malisho hukauka Misungwi na Magu, na maziwa hupungua. Wafugaji wanaohifadhi mabingobingo kwa saileji hufanya jambo la maana, lakini wengi huharibikiwa kwa sababu ya nailoni nyembamba. Jua huipasua, panya huitoboa. Hewa ikishaingia, ukungu humaliza jasho la wiki nzima. Urahisi gani huo?

Inayofaa ni nailoni ya geji 1,000 yenye kinga ya jua, na hata hiyo iwekwe kivulini. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 halikugusa vifungashio vya kilimo, hivyo wauzaji wa Mwanza wasilisingizie. Waandike unene kwenye kila roli, na mfugaji auulize kabla ya kulipa.