Gari la Zamani, Rimu za Kisasa: Nani Amfuate Mwenzake?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Hapa kwetu Sigowet utaliona gari lililozaliwa kabla ya baadhi ya walimu wetu, limeegeshwa kando ya barabara iendayo Kericho. Mwili wake ni wa kale, lakini miguuni linameta kama bwana harusi: limevishwa rimu za gari la kisasa. Wengine wanashangilia, wengine wanaguna. Mimi nina maoni yangu na nitayatoa waziwazi. Gari la zamani linaweza kuvaa viatu vipya, lakini kitafutwe kiatu kinachoutosha mguu. Mguu haukatwi ili uingie kiatuni.

Kwanza niwajibu wale wanaokataa katakata. Wao husema kwamba gari la kale libaki vile vile lilivyotoka kiwandani, kama yale magari yanayopelekwa kwenye mashindano ya Concours d'Elegance kule Nairobi ili majaji wayakague. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Gurudumu lenyewe halijawahi kusimama mahali pamoja. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la upepo kule Belfast. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni ya Michelin ya Ufaransa ikaleta tairi la radial, na magari mengi yaliyoundwa kabla yake yakalivaa yakawa salama zaidi. Kwa hivyo kubadilisha si dhambi. Dhambi ni kubadilisha bila kupima.

Sasa tuje kwa mfano tunaoujua sote, yaani Toyota Corolla ile watu huiita DX. Kizazi chake kilianza kutoka mwaka wa 1979. Injini iko mbele, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Kila gurudumu hushikwa na skurubu nne nene ambazo mafundi huziita studi. Ukipima kutoka katikati ya studi moja hadi katikati ya ile inayoielekea, utapata milimita 114.3. Kuanzia mwaka wa 1983 Toyota ikatoa Corolla zinazovutwa na magurudumu ya mbele, na hizo studi zake ni nne vile vile, lakini kipimo ni milimita 100. Hapo ndipo watu huponzwa. Wanahesabu mashimo: moja, mbili, tatu, nne. "Zinaingiana!" Kumbe wapi! Kuhesabu si kupima.

Baba yangu mdogo ana gari la aina hiyo. Kwenye kilima chetu ndilo gari linaloamshwa usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, au mtoto akizidiwa na homa. Alinunua rimu nne za aloi zilizotolewa kwenye Corolla ya miaka ya tisini. Zilipokataa kuingia, fundi mmoja akamwambia eti si shida, atayapanua mashimo kwa tupa na kazi itaisha kabla ya saa sita. Mimi nilichukua rula kutoka mkebe wangu wa hesabu nikapima. Baba mdogo akacheka, "Wewe mtoto wa shule, umeendesha gari gani?" Nikamjibu kwa adabu, "Baba, sijaendesha hata moja, lakini nitabebwa na hili."

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha kwanza. Tofauti ya 114.3 na 100 ni milimita 14.3. Gawa kwa mbili, kwa kuwa kila shimo linasogea upande wake. Utapata zaidi ya milimita 7. Yaani kila shimo lazima liliwe na tupa kwa zaidi ya nusu sentimita! Nati ya gurudumu ina kichwa kilichochongoka, na hicho hukaa katika kikombe cha mviringo kilichochongwa kwenye rimu. Shimo likishakuwa refu kama yai, nati hushika upande mmoja tu. Gari likitikisika inalegea. Ikilegea, studi inakatika. Sasa fikiria hayo yakitokea usiku kwenye mteremko, kuna mvua, na ndani amelala mgonjwa.

Tena mashimo si kitu cha pekee cha kupimwa. Rimu za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi zimeundwa ziingie ndani zaidi. Ukizifunga kwenye gari la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, tairi linaweza kusugua shokamzoba au ukingo wa bodi unapokata kona. Wapo wanaoweka kipande cha chuma katikati ili kulisukuma gurudumu nje. Kipande hicho kikiwa kinene na studi ni zile zile fupi, nati inabaki imeshika nyuzi chache tu. Ni kama mtu anayening'inia mtini kwa kidole kimoja.

Halafu kuna urefu wa gurudumu zima. Tuchukue tairi la kawaida la magari madogo ya wakati ule, 155/80 la inchi 13. Kimo chake ni kama milimita 578. Ukiweka 195/65 la inchi 15, kimo kinafika kama milimita 634, karibu asilimia 10 zaidi. Mshale wa mwendo huhesabu mizunguko, haujui kwamba umebadilisha viatu. Utakuambia 80 nawe unakwenda karibu 88. Polisi akikusimamisha utamlaumu nani?

Mtaniambia, "Basi tuweke 195/50 la inchi 15, kimo chake ni milimita 576." Kweli, hesabu inakubali. Lakini barabara zetu je, zimekubali? Ubavu wa tairi hilo ni milimita 97 na kitu, ilhali lile la zamani lina 124. Ubavu ndio mto wa gari. Kwenye lami laini ya jijini utatamba, lakini kwenye murramu yetu yenye mashimo, rimu itapinda kabla hujafika Sondu. Marehemu Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally mwaka wa 1973 kwa Datsun 240Z, hakuteremka kwenye mawe na matope kwa matairi membamba kama chapati.

Ndiyo maana maoni yangu ni haya: kwa gari kama la baba mdogo, anayetaka upya atafute rimu za inchi 14 zenye kipimo cha 114.3, zenye kina kinachofaa gari hilo, na tairi la 175/65. Kimo chake ni milimita 583, karibu sawa na la kwanza, na ubavu una milimita 113 na zaidi. Gari litapendeza na mto utabaki. Aidha, anunue nati zinazolingana na rimu hizo, kwa maana nati za chuma si lazima zikae sawasawa kwenye aloi.

Najua vijana wenzangu watasema kwamba kutafuta kunachosha na tupa ni ya bei nafuu. Jamani, rahisi ghali! Isitoshe, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari ambalo hali yake ni ya hatari kuendeshwa barabarani. Hata kama hakuna askari, wapo watoto wanaotembea ukingoni mwa barabara hiyo hiyo wakitoka shule, na gurudumu lililochomoka halichagui wa kumgonga.

Hadi ninapoandika makala haya, zile rimu zinazong'aa ziko stoo zimefunikwa gunia, na gari linaendelea kuwapeleka wagonjwa kwa rimu zake za chuma zisizo na urembo. Baba mdogo bado anazitamani, nami simlaumu, kwa kuwa kizuri hutamanika. Ila ameniahidi kwamba hatazifunga.

Kwenu ninyi mnaotaka kuwa mafundi baada ya kidato cha nne, ombi langu ni moja: msiiogope hesabu, kwa kuwa siku moja mtu atalala ndani ya gari mlilolifunga nyie. Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami na aje, lakini aje na rula.