Kabla Ununue Egzosti ya Kelele, Badilisha Mafuta ya Breki

Nitasema hii na wa kukasirika wakasirike: gari yako ya kila siku haihitaji egzosti ya kelele ndio uende traki. Haihitaji stika wala rimu za inchi 18, na haihitaji mtu aichezee kompyuta ndio ilipuke kama bunduki ukiachilia mafuta. Inahitaji breki, tairi, oili na rejeta nzima. List inaishia karibu hapo. Shida ni kwamba mafuta ya breki hayapendezi kwa video, so hakuna mtu anakuambia.

Mbona naingilia stori za ndai za watu? Kwa sababu kuna vijana wa rika langu wanashindana usiku pale Thika Road na Southern Bypass, na ukiwauliza kwa nini hawaendi traki wanakuambia, "Buda, ndai bado. Nangoja doo ya turbo." Sasa nieleze. Gari iko tayari kupita lori saa saba usiku na 160, lakini haiko tayari kwa mahali barabara imefungwa, kuna watu wa bendera, na hakuna mama anavuka na mzigo wake? Hiyo imani kwamba traki ni ya Subaru zilizopikwa peke yake ndiyo inaacha wasee kwa bypass. Na huko bypass watu wanazikwa.

Ni kweli Kenya hatuna sakiti kubwa kama Kyalami ya Afrika Kusini. Sifa yetu ni vumbi. Safari Rally ilianza 1953, na tangu irudi kwa mashindano ya dunia 2021, Naivasha inajaa mpaka hakuna pa kulala. Lakini lami pia iko. Whistling Morans kule Athi River ni traki ndogo yenye kona nyingi. Kiamburing nayo barabara inafungwa kule Kiambu, na gari zinaachiliwa moja moja kupigania muda. Unashindana na saa, si na jirani. Na kwa traki fupi ya kona nyingi, Demio ya kawaida yenye breki fiti haiwezi kukuaibisha.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe.

Tuanze na breki. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hii ni fizikia ya fomu three: spidi ikiongezeka mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Yaani kusimamisha gari kutoka 120 kunatoa joto mara nne kuliko kuisimamisha kutoka 60. Hapa tao unakanyaga breki kwa nguvu pengine mara moja kwa wiki, matatu ikikukatia. Kwa traki unakanyaga hivyo kila kona, raundi baada ya raundi, na hakuna jam ya kupumzika. Joto linaingia kwa pedi na diski, halafu linafika kwa mafuta ya breki.

Na mafuta ya breki yana tabia moja mbaya, yananyonya maji kutoka kwa hewa. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, mafuta hayabonyezeki. Ndio maana unakanyaga pedali inaenda mpaka chini na gari inaendelea tu na safari yake. Kama hujui mafuta yako yalibadilishwa lini, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Nunua chupa iliyofungwa, fundi atoe hewa kwa magurudumu yote manne, na usikubali kile kichupa kimekaa wazi kwa gereji tangu mwaka jana. Pedi ziwe zimebaki na zaidi ya nusu. Zile zimeisha karibu kufika chuma ziache kwa gereji.

Pili, tairi. Kwa ubavu wa tairi kuna maandishi yanaanza na DOT (ndiyo, herufi zilezile), na nambari nne za mwisho ni wiki na mwaka ilitengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno yote na bado mpira umekauka kama kiatu cha zamani, so usiangalie meno peke yake. Presha anza na ile imeandikwa kwa stika ya mlango, ukipima tairi zikiwa baridi. Zikipata moto presha inapanda, kwa hivyo pima tena kila ukitoka. Na nati za magurudumu zikazwe asubuhi, ziangaliwe tena mchana.

Tatu, oili na maji. Kona ndefu inasukuma oili upande mmoja wa injini. Kama oili iko chini, pampu inavuta hewa, na injini ikikosa oili hata sekunde chache unaanza kutafuta injini nyingine pale Grogan. Jaza mpaka alama ya juu, isipite. Kwa rejeta weka kulanti, si maji ya mfereji. Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria huku huchemka karibu nyuzi 94. Kile kinazuia rejeta yako kuchemka ni presha, na presha inashikiliwa na kifuniko. Raba ya kifuniko ikiisha, umeharibu siku kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kiganja.

Kama Vitz au Fit yako ni ya gia ya CVT, kuwa mpole. Hizo gia zinapata moto haraka zikisukumwa. Piga raundi mbili tatu, halafu raundi moja polepole bila kukanyaga breki sana, utoke ipoe. Ukiegesha breki zikiwa moto, usivute hendibreki. Acha kwa gia au kwa P, uweke jiwe nyuma ya gurudumu.

Mwisho, toa vitu. Toa spea na jeki kwa buti, kapeti ya dereva, ile chupa ya maji inaviringika chini ya siti. Chupa ikiingia chini ya pedali ya breki, hata DOT 4 mpya haitakusaidia. Vuta siti mbele mpaka kifundo cha mkono kifike juu ya usukani mgongo ukiwa umeegemea. Belti ikubane. Helmeti ikutoshe, si ya nduthi ya jirani inazunguka kichwani.

Najua mtu atasema, "Doo ni yangu, raha ni yangu, wacha nipike ndai." Sawa, sikatai, kelele nzuri naipenda pia. Lakini fikiria mpango wake. Ukiongeza nguvu kabla ya breki, kile umenunua ni kufika kwa kona na spidi zaidi ukiwa na breki zilezile. Na kumbuka nani anakushauri. Creator anaweza kulipwa kukuonyesha egzosti. Mimi bado sijaona anayelipwa kukuambia ufungue kifuniko cha mafuta ya breki uangalie rangi.

Halafu kuna hii kitu hatusemi: wengi wetu gari si yetu peke yetu. Jumamosi iko traki, Jumapili inapeleka mathe kanisa, Jumatatu iko kazi ya teksi inalipa rent. Bima nyingi za magari zinasema wazi kwamba hazilipi mashindano wala majaribio ya spidi. Soma karatasi yako kabla hujaenda. Ukigonga ukuta, hasara ni yako, na ni ya wale wote wanategemea hiyo gari. Kwa hivyo gari ya traki kwa msee wa kawaida si ile inamaliza ya kwanza. Ni ile inakurudisha nyumbani ikiwa nzima, na Jumatatu asubuhi inawaka.

So kama umekuwa ukijiambia ndai bado, pengine ilikuwa tayari kitambo na imebakisha tu serviksi ya maana. Doo ikiingia mwisho wa mwezi, anza na chupa ya DOT 4, upeleke tairi zikaangaliwe, halafu utafute siku ya traki. Egzosti itangoja.