Alama za Mtoto Wetu Zapimwa kwa Kibaba cha Nani?

Yeyote aliyewahi kununua mahindi sokoni anajua kwamba gorogoro zote hazilingani. Kuna iliyo nzima, na kuna iliyobonyezwa kitako kwa ustadi hata jicho lisilo zoefu lisitambue. Mnunuzi asiyepitisha mkono ndani ya mkebe hulipa bei ya kipimo kamili akarudi nyumbani na pungufu. Jambo hili la sokoni limenirudia akilini tangu siku mwanafunzi wangu wa zamani aliponijia nyumbani akiwa na barua mbili mkononi.

Kijana huyo nilimfundisha kwa miaka minne. Katika mtihani wa KCSE alipata A- kwa jumla ya pointi 77, na tangu kidato cha kwanza hakuwahi kutamka kazi nyingine ila udaktari. Nafasi ya kusomea udaktari kwa ufadhili wa serikali ilimponyoka, na karo ya mwanafunzi anayejilipia ilikuwa nje ya uwezo wa wazazi wake. Hakukata tamaa. Alijifunza Kijerumani, akakusanya stakabadhi zake, akaziwasilisha katika vyuo viwili vya Ujerumani. Chuo cha kwanza kilimjibu kwamba alama zake, zikigeuzwa kwa kipimo cha huko, ni sawa na 1.3. Cha pili kikamwambia kwamba ni 1.6. Cheti kilikuwa kimoja, mtihani mmoja, mtoto mmoja. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani mimi nilifanya mitihani miwili?"

Nilikosa jibu. Nimesahihisha karatasi kwa miaka mingi na nimewashauri vijana wengi kuhusu vyuo, lakini siku hiyo niligundua kwamba sikujua alama ninazotoa zinakuwa nini zikivuka bahari. Nimechunguza jambo hili tangu hapo, nami naliandika kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Nianze na hesabu yenyewe, maana haina uchawi. Ujerumani hutumia kipimo ambacho kwetu huonekana kimepinduliwa: 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, na 4.0 ndiyo ya chini kabisa kwa aliyefaulu. Ili kugeuza alama za mgeni, vyuo hutumia kanuni ijulikanayo kama kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa. Chukua alama ya juu kabisa ya nchi ya mgeni, toa alama aliyoipata mwanafunzi. Gawanya matokeo hayo kwa tofauti iliyopo kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa tatu, kisha ongeza moja. Basi.

Sasa tuitie cheti cha kijana wetu. Alama ya juu kwetu ni A, yaani pointi 12. Yeye ana pointi 77 katika masomo saba, wastani wake ni 11. Mpaka hapo hakuna ubishi. Swali ni moja tu: alama ya chini ya kufaulu katika KCSE ni ipi?

Msomaji, jaribu kulijibu kabla hujaendelea. Ukisema ni C+, kwa kuwa ndiyo inayofungua mlango wa shahada, unatumia pointi 7, na kijana anapata 1.6. Ukisema ni C-, ambayo inamwezesha mtu kusomea diploma, unatumia pointi 5, naye anapata 1.43. Ukisema ni D, inayotosha kwa masomo ya cheti, unatumia pointi 3, naye anapata 1.33. Majibu yote matatu yana hoja. Cheti chetu hakisemi mtu amefaulu wala ameanguka. Kinataja gredi tu, kuanzia A hadi E. Afisa aliyeketi ofisini huko ng'ambo hulazimika kutuchagulia, na maafisa wawili wakichagua tofauti, mtoto mmoja huwa watu wawili.

Huenda mtu akasema kwamba tofauti ya 1.3 na 1.6 ni unyoya tu. Kwa masomo mengine huenda ikawa hivyo. Kwa udaktari ni ukuta. Nafasi zinazotengewa wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya katika vyuo vya udaktari vya Ujerumani ni takriban asilimia 5 tu, na wanaozigombea hutoka pembe zote za dunia. Hapo watu hupitwa kwa sehemu moja ya kumi. Isitoshe, cheti cha KCSE peke yake kwa kawaida hakimwingizi mtu moja kwa moja katika kitivo cha udaktari. Hupitia kwanza shule ya matayarisho iitwayo Studienkolleg kwa mihula miwili, kisha hufanya mtihani, na aghalabu alama ya mtihani huo huchanganywa na ile iliyogeuzwa kutoka cheti cha nyumbani. Kwa hivyo kosa la hesabu lililofanywa siku ya kwanza humfuata mwanafunzi kama kivuli hadi mlangoni mwa kitivo.

Kuna jambo la pili linalojificha ndani ya gredi zetu. A- ya wastani hutolewa kwa mwenye pointi 74 sawa na mwenye pointi 80. Ukitumia C+ kama alama ya kufaulu, wa kwanza atapata 1.86 na wa pili 1.34. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile iliyomliza kijana wangu, lakini wote wawili huitwa kwa jina moja la A-. Afisa wa kigeni asiyejua kwamba wastani wetu hupigwa kwa masomo saba, wala asiyejua ni yapi huhesabiwa, anaweza kuwapa wote wawili pointi 11 na kwenda kula chakula cha mchana. Na utaratibu wenyewe haukusimama mahali pamoja: tangu matokeo ya mwaka wa 2023, Hisabati na lugha moja ndiyo ya lazima, kisha huongezwa masomo matano aliyofanya vyema zaidi mtahiniwa. Ni nani aliyemwarifu afisa huyo?

Jambo la tatu ni zito zaidi. Mwaka wa 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Mwaka uliofuata, baada ya wizi wa mitihani kudhibitiwa na utaratibu wa kutoa matokeo kubadilishwa, A zilikuwa 141 nchi nzima. Mwaka wa 2017 zikawa 142. Mimi sitaki kurejelea hapa malumbano ya miaka hiyo. Ninachosema ni kwamba A ya 2015 na A ya 2016 haziwezi kuwa kitu kimoja, lakini kanuni ya kugeuza alama haiulizi mwaka. Waliofanya mtihani mwaka wa 2016 na kupata B+ kwa jasho lao walisimama ng'ambo wakiwa wamevaa nguo fupi kuliko kimo chao, na hapakuwa na karatasi rasmi ya kuwatetea.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema: nchi ni yao, vyuo ni vyao, na mgeni hachagui kiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nakubaliana nao nusu. Kila nchi ina haki ya kuamua nani atakayewatibu watu wake, na hakuna anayepaswa kulegezewa kamba katika kazi inayoshika roho za binadamu. Lakini kulegezewa kamba ni jambo moja, na kupimwa kwa usawa ni jambo jingine. Wajerumani wenyewe wanalijua hilo. Tarehe 19 Desemba 2017, Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba baadhi ya taratibu za kuwachagua wanafunzi wa udaktari zilikiuka katiba. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni kwamba vyuo vililinganisha alama za shule kutoka majimbo mbalimbali bila kusawazisha tofauti zake, ilhali nchi hiyo ina majimbo 16 na kila moja lina shule zake. Ikiwa mtoto wa jimbo moja la Ujerumani anaweza kupunjwa akilinganishwa na wa jimbo la pili, sembuse wetu aliyetoka ng'ambo ya bahari?

Hata hivyo, lawama yangu kubwa siielekezi Ujerumani. Naielekeza nyumbani.

Enzi za ukoloni, wanafunzi wa Afrika Mashariki walifanya mtihani uliotungwa na kusimamiwa na Cambridge. Kipimo kilikuwa cha mkoloni, hivyo mkoloni hakuhitaji kuelezwa. Mwaka wa 1967 tukawa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka wa 1980 Kenya ikaunda baraza lake, KNEC. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka wa 1989. Hayo yalikuwa maendeleo ya heshima, nami ni miongoni mwa wanaojivunia. Lakini mwenye kujitengenezea kibaba chake ana wajibu wa kuwaeleza wanunuzi kinabeba nini. Sisi tulichukua kibaba tukauacha wajibu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, KNEC ishirikiane na Mamlaka ya Kitaifa ya Ufuzu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, kutoa karatasi moja rasmi ya maelezo iambatane na kila cheti. Karatasi hiyo ionyeshe gredi zote na pointi zake, itaje jumla ya pointi za mtahiniwa kati ya 84, ieleze masomo yaliyohesabiwa, iseme waziwazi ni alama gani Kenya inaitambua kuwa ya chini ya kufaulu, na ionyeshe ni sehemu gani ya watahiniwa wa mwaka huo waliopata kila gredi. Takwimu hizo zipo; hutangazwa kila mwaka mbele ya kamera. Kuzichapisha kwenye karatasi hakuhitaji kamati.

Pili, serikali iwasilishe maelezo hayo kwa mabalozi na kwa taasisi za kigeni zinazolinganisha vyeti, badala ya kumwacha mtoto wa miaka kumi na minane ajieleze peke yake kwa lugha aliyojifunza juzi.

Tatu, jambo hili lifanywe sasa kwa sababu saa inakwenda. Kwa mpangilio uliotangazwa, KCSE ya mwisho itafanywa mwaka wa 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya watamaliza sekondari ya juu mwaka wa 2028. Wao wamezoea kupimwa kwa viwango vinavyosema mwanafunzi amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Ikiwa A yetu iliyozoeleka kwa zaidi ya miaka thelathini bado inawatatiza wageni, nani atakayewatafsiria "kuzidi matarajio"? Tusingoje mpaka kijana wa kwanza arudishiwe barua.

Kwenu walimu wenzangu: kumshauri mwanafunzi kuhusu vyuo vya nje si kumwambia tu "soma kwa bidii". Kila nchi ina mlango wake. Uingereza kwa kawaida haimpokei mwenye KCSE pekee katika udaktari. Humtaka mtihani wa A-level au masomo ya matayarisho yanayotambuliwa na chuo husika. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na hupitia mtihani wa MCAT, kwa hivyo alama za sekondari humfikisha kijana kwenye ua tu, si sebuleni. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka wa 2017; lakini anayekwenda hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, ambazo zilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka kuanzia Septemba 2024. Haya tuyaseme kidato cha pili, kabla ya mtoto kuchagua masomo, si baada ya matokeo.

Nanyi wanafunzi: jihadharini na mawakala wanaowageuzia alama kwa kalamu yao na kuwaahidi nafasi. Hesabu ya wakala haina uzito popote. Ya chuo ndiyo inayosimama. Ukipewa alama usiyoielewa, andika barua kwa adabu uulize ni alama gani ya kufaulu iliyotumika. Tena kumbukeni kwamba safari haiishii kwenye kofia ya mahafali. Aliyesomea udaktari nje hurudi na kufanya mtihani wa Baraza la Madaktari hapa nchini kabla ya kuruhusiwa kuanza mafunzo ya kazi hospitalini. Ulizeni masharti ya nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Kijana wangu nilimsaidia kuandika barua kwa chuo kile cha pili. Tulieleza, kwa lugha nyepesi, mpangilio wa gredi zetu na pointi zake. Tulipomaliza aliniuliza tutie muhuri gani ili waamini kwamba maneno hayo ni ya Kenya wala si ya mwalimu mmoja anayempenda mwanafunzi wake. Nilitia wa shule, maana sikuwa na mwingine. Jibu bado tunalingoja.

Muhuri aliouuliza ndio ninaoudai hapa. Nchi iliyompa mtoto cheti isimwache akitetee peke yake mbele ya mkebe wa mwenziwe.