Stima Ikipotea Kericho, Seva Nayo Inasahau
Sheria ya Afya ya Kidijitali ipo tangu 2023, lakini stima ya Kericho na Bomet haijaisoma. Hospitali nyingi za umma zinaweka rekodi za wagonjwa kwenye KenyaEMR, mfumo wa Java uliojengwa juu ya OpenMRS, ile iliyoanza kutumika Eldoret 2006. Stima ikirudi, Java inapakia upya maelfu ya klasi, yaani vipande vya programu. Inaanza kazi polepole, na ikishaona vipi vinatumika sana ndipo inavigeuza kuwa lugha ya mashine. Ikizimika tena, inasahau yote. Foleni nayo ishafika nje! Java 24, iliyotoka Machi 2025, inaweza kuhifadhi klasi zikiwa zimeshapakiwa, ila kuhamisha mfumo mzee si mchezo. Mimi ningenunua betri ya seva kwanza.