Dakika 23 Hazijawahi Kuua Mtu

Juzi tulikuwa ndani ya matatu, jam ya Thika Road, magari yamesimama tuli. Nikampa rafiki yangu hedifoni zangu. "Skiza hii." Baada ya dakika mbili akazitoa. "Buda, hawa si bado wanajaribu vyombo? Wimbo unaanza lini?"

Wimbo ulikuwa umeshaanza. Ni "Dark Star" ya Grateful Dead, bendi ya roki ya saikedeliki kutoka California, ilivyorekodiwa katika ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, tarehe 27 Februari 1969. Peke yake unajaza upande mzima wa kwanza wa albamu ya Live/Dead: dakika 23 na ushei. Rafiki yangu aliupa mbili. Hapo ndipo nataka tugombane.

Kuna imani imetuingia kwamba wimbo halisi ni ule wa studio, uliooshwa ukapigwa pasi, na kwamba rekodi ya jukwaani ni makombo ya mashabiki sugu. Mimi nasema ni uongo, na shahidi wangu ni wimbo huu huu. Mwaka 1968 bendi hiyo hiyo iliutoa "Dark Star" kama santuri ndogo ya studio, haifiki hata dakika tatu. Itafute uiskize. Ni safi, ni nadhifu, na haina uhai. Ilipita sokoni bila mtu kugeuka kuiangalia. "Dark Star" ambayo watu bado wanaizungumzia zaidi ya miaka 50 baadaye ni ile ya ukumbini.

Kwani ina nini? Sauti inaingia polepole, ni kama tumewakuta wakiwa safarini tayari. Besi ya Phil Lesh haisimami pale chini kama askari wa lango. Inatembea, inauliza maswali, na gitaa la Jerry Garcia linajibu. Wapiga ngoma ni wawili, lakini kwa muda mrefu wanajizuia. Dakika kadhaa zinapita kabla mtu hajaimba neno. Kuna pahali muziki unakonda mpaka unadhani umekufa, halafu mmoja anagusa noti, wenzake wanamfuata, na njia inafunguka. Hakuna anayejua kona inayofuata iko wapi, hata wao wenyewe. Mtu akiteleza, wanateleza naye, na kule kuteleza kunageuka barabara. Studioni mtu angebonyeza kitufe akafuta. Angekuwa amefuta muziki wenyewe.

Najua mtasema nini. Kwanza: "Hao walikuwa wamelewa." Sawa, LSD ilikuwa sehemu ya maisha yao na hawakuificha. Lakini hakuna dawa inayofundisha watu saba kusikilizana. Leweni kesho, mshike gitaa, tuone.

Pili: "Kurekodi laivu ni uvivu." Uvivu gani? Betty Cantor na Bob Matthews waliingiza ukumbini mashine ya traki 16, wakati ambapo mashine kama hiyo ilikuwa kitu kigeni hata studioni. Waliamini usiku mmoja wa watu kupiga muziki mbele ya watu unastahili vifaa bora kuliko vyote. Hiyo ni heshima, si uvivu.

Tatu, na hii ndiyo hunikasirisha: "Nyimbo ndefu ni mambo ya wazungu." Kwani mmesahau sebene? Babu zetu hawakukesha wakicheza benga na rumba kwa vipande vya dakika tatu. Dakika tatu ilikuwa shida ya santuri, haikuwa yetu. Ndiyo maana nyimbo zilikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na gitaa likianza tu kupata moto unainuka kugeuza sahani.

Marehemu mjomba wangu alipiga besi kwenye bendi ya baa. Alichotuachia ni santuri moja ya aina hiyo. Siku niliyomchezea mama, aliskiza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Huyu si kaka yangu. Kaka yangu alikuwa anaanza kupiga saa sita usiku." Hakuna mtu aliyewahi kuweka mashine mbele ya lile jukwaa saa sita usiku. Tulimzika na usiku wake wote.

Grateful Dead hawakuzika wao. Waliwaachia mashabiki waje na maiki zao, na mwaka 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao ukumbini. Leo unaweza kuskia usiku wao mzuri na usiku wao mbovu, na mbovu ipo, sitawadanganya. Kuna siku Garcia anaimba kama mtu anayeomba msamaha. Lakini ipo. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia kwa sababu ipo.

Sisi je? Mwezi uliopita nililipa kiingilio, nikasimama saa mbili kwa baridi, msanii akaja kuchezesha midomo juu ya wimbo ambao sote tulikuwa nao kwa simu. Tukapiga kelele za furaha. Tukainua simu. Mimi pia, sijitoi. Nina video 31 za sekunde 15 za usiku ule na sijafungua hata moja. Umati mzima unarekodi, na hakuna aliyeondoka na saa moja kamili ya kitu chochote.

Kwa hivyo, wewe mwenye bendi inayopiga Ijumaa kwa baa ya mtaa: tafuta maiki mbili nzuri, washa, usizime mpaka mfagiaji afike. Usikate pale ulipokosea. Na wewe msikilizaji, siku moja tu, weka simu mfukoni na uskize kitu mpaka kiishe.

Jam ile ilituweka dakika 40. Rafiki yangu alizimaliza akipandisha video kwa kidole. Tuliposhuka nikamuuliza aliona nini. Akafikiria, akacheka, akasema hakumbuki. "Dark Star" ingeisha tukiwa bado Roysambu.