Wifi Kachapia Kiingereza, Mbona Mnacheka?

Natumaini ile ishu ya nani ashike kadi ya benki mmeimaliza. Mwezi huu nawaletea jambo ambalo wapenzi wengi hawalihesabu kuwa la mapenzi: kung'eng'e. Kimombo. Yai. Yaani Kiingereza.

Kuna dada mmoja, mfanyakazi wa ofisini hapa Dar, mumewe ni Mnyakyusa wa Ipinda, kule Kyela. Desemba wifi yake mdogo alikuja likizo, akisubiri matokeo ya mtihani wa kidato cha pili. Siku moja wakaja wageni, marafiki wa mume, watu wa suti na simu mbili mbili. Mmoja akamgeukia binti: "How do you find Dar?" Binti akajibu kwa heshima zote: "By bus." Meza nzima ikaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni kaka mtu.

Binti akatabasamu, akatoa vyombo. Tangu siku ile hakusema neno la Kiingereza tena, na alipokaribia kurudi akamwambia wifi yake kwamba shule basi, bora auze mchele na mama sokoni. Hapo ndipo nyumba ikawaka moto. Mke anataka ahamishiwe Dar, shule ya kulipia. Mume anasema huo ni ushua, mbona yeye alisoma huko huko na sasa anakula kiyoyozi? Wiki mbili wanalala kila mtu upande wake. Dada akaniuliza: nani yuko sahihi?

Subirini kwanza. Kabla ya kugombana juu ya huyo binti, hebu mjue anafanya kazi gani kila siku.

Ipinda iko njiani ukitoka Kyela mjini kwenda Matema, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni nchi ya mpunga, kakao, migomba na michikichi, na mvua yake haiombi ruhusa kwa mtu. Mtoto wa pale anaamka kwa Kinyakyusa. Anamwamkia bibi "Mugonile", akipewa kitu anasema "Ndaga fijo". Akianza darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, na kukimudu kunamchukua miaka. Akishakizoea, anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza: Biolojia, Jiografia, Fizikia, hesabu. Hiyo ni lugha ya tatu, jamani! Na wengi wetu tuliosoma shule za kata tunaikumbuka ile miezi ya mwanzo ya kunakili ubaoni vitu usivyovijua, mwandiko mzuri, kichwani giza.

Mwanafunzi wa sekondari kule Ufaransa naye anajifunza Kiingereza. Lakini kwake ni somo moja katika ratiba. Akitoka hapo, historia na hesabu anasoma kwa Kifaransa, lugha anayoombea chumvi mezani kwao. Akichapia Kiingereza anapoteza maksi za Kiingereza tu. Binti wa Ipinda akichapia, anapoteza na Biolojia, ambayo pengine jibu lake analijua kabisa kwa Kiswahili.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ikapendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, serikali ikasita, na mwaka 1984 msimamo ukawa Kiingereza kiendelee. Sera iliyozinduliwa mwaka 2015 ikafungua mlango wa lugha zote mbili, lakini daftari la Biolojia la kidato cha pili bado ni la Kiingereza. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016, jambo la heri kubwa, na madarasa yakajaa. Sasa piga picha ticha mmoja wa Kiingereza na darasa limefurika hadi mlangoni. Atasikiliza sentensi za wangapi?

Halafu kuna hili ambalo naomba mume alisome mara mbili, kwa sababu ni sifa ya kwao. Kiswahili kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba. Ndiyo, saba! Ndiyo maana sisi wa Pwani tukisema "ship" na "sheep", meli na kondoo wanatoka na sauti ile ile. Kinyakyusa kinatofautisha "i" ya aina mbili tangu utotoni, na kinatofautisha pia sauti fupi na ndefu. Sikio la binti wa Ipinda limeshafunzwa na bibi yake kitu ambacho shule za bei mbaya zinakihangaikia. Halafu tunamcheka lafudhi.

Tuje kwenye utamaduni. Huko ndiko wanakochapia wengi, na sarufi haihusiki. Kinyakyusa kina "Ugonile" ya mwenzako na "Mugonile" ya mkubwa. Unamuongeza mtu ukubwa kwa kumsemesha kama watu wengi. Kiswahili kina shikamoo. Kiingereza kina "you" moja tu, ya mkuu wa wilaya na ya mbuzi. Mtoto aliyelelewa vizuri anaona aibu kumwambia mwalimu mkuu "How are you?" kana kwamba ni rika lake, basi ananyamaza, anasubiri kuulizwa. Sisi tunasema hajui. Mwingereza naye heshima anayo, ila kaificha kwingine, kwenye "please", kwenye "could you", kwenye sauti. Nani kamfundisha binti hilo? Na lile swali la mgeni halikuwa na uhusiano wowote na kutafuta njia. Ni namna yao ya kuuliza unapaonaje. Kwa maneno yalivyoandikwa kamusini, "By bus" ni jibu la mtu mwenye akili timamu.

Sasa jibu langu kwa dada. Wifi, samahani, lakini kumhamisha sikuungi mkono, si kwa sababu ya Kiingereza peke yake. Mtoto aliyeumizwa mezani kwenu mkamleta aishi kwenye meza ile ile? Na shemeji, "mbona mimi nilisoma huko huko" si hoja. Uliowaacha nyuma darasani hawajaalikwa kwenye chakula hicho wakacheka. Wewe ndiye uliyecheka, wewe ndiye wa kumpigia simu, kwa Kinyakyusa, bila spika, na mke asiwepo pembeni akikusahihisha.

Baada ya hapo pesa mliyotaka kupeleka kwenye ada igeuzeni vitabu na muda wa maongezi. Anzeni na hadithi nyepesi: "Mabala the Farmer" na "Hawa the Bus Driver" za Richard Mabala zimewafungulia njia wanafunzi wengi wa Tanzania, na ndani yake kuna watu wa hapa hapa, hakuna theluji. Akipata nguvu mpeni tamthilia ya "Three Suitors: One Husband" ya Guillaume Oyono-Mbia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kwenye orodha ya kidato cha tatu na cha nne. Mwandishi ni wa Kameruni, aliiandika kwanza kwa Kifaransa, kisha mwenyewe akaileta kwa Kiingereza. Inamhusu Juliette, binti wa sekondari, ambaye wazee wamepokea mahari ya wanaume wawili bila kumuuliza yeye. Kwa binti wa Unyakyusa, ambako mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe, hapo hahitaji kamusi kuelewa moto uko wapi. Atasoma hadi mwisho ajue Juliette kaolewa na nani.

Na wewe dada, kwa kuwa wifi anakupenda, chukua Jumapili jioni. Dakika ishirini. Mwambie akusimulie somo la wiki kwa Kinyakyusa au Kiswahili kwanza, alimalize, ndipo alirudie kwa Kiingereza. Asiyeelewa jambo kwa lugha yake hawezi kulielewa kwa ya jirani. Akikosea usimkatize, rudia sentensi yake ikiwa sahihi, kama unayeitikia tu, mwendelee. Akitaka kutuma ujumbe wa sauti badala ya kuandika, mwache, ndipo zile irabu saba zitakapofanya kazi.

Kidogo kwa wanandoa wengine mnaosoma huku mkijichekea. Najua nyumba ambamo mume anamsahihisha mke Kiingereza mbele ya wageni, na nyumba ambamo mke aliyesoma intaneshno anamuita mumewe kwa jina la shule yake ya kata, eti utani. Mkitaka kusahihishana, sahihishaneni chumbani, taa ikiwa imezimwa. Pale mtu hata akichapia anasikika mtamu.

Mwezi ujao nitakuwa na yule kaka ambaye mkewe anasoma meseji zake kisha anazijibu. Barua zenu zinanifikia, endeleeni kuandika, kwa Kiswahili, Kinyakyusa au lugha yoyote mliyochapia.