BARAZANI: Simu Ikikuomba Majina ya Jirani Zako



Mwezi huu tuzungumze juu ya simu. Najua wapo watakaosema, "Bwana huyu amechoka na mpunga na kakao?" Sijachoka. Lakini siku hizi fedha ya mpunga na ya kakao inapita ndani ya simu. Anayechezea simu yako anachezea jasho lako.

Nitaanza na jambo lililotokea kwetu hapa Katumba Songwe. Limempata mama mmoja mkulima. Ameniruhusu nilieleze, lakini jina lake sitalitaja.

Mama huyu analima mpunga. Wakati wa palizi ulifika, naye hakuwa na fedha ya kulipa vibarua. Kakao yake ilikuwa bado mtini. Kikoba chao kilikuwa kimekwisha kugawana fedha za mwaka. Mwanawe alikuwa amemnunulia simu kubwa ya kioo, ile inayoitwa simu janja. Humo akaona tangazo. Lilisema: mkopo kwa dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini. Akabonyeza.

Simu ikaanza kumwuliza maswali. Yote yalikuwa ya Kiingereza. Mama huyu anasoma Kiswahili vizuri, tena husoma gazeti hili na kuwasomea wengine. Kiingereza hajui. Kila swali lilikuwa na majibu mawili chini yake. Aligundua upesi kwamba akibonyeza moja, mambo yanasimama. Akibonyeza la pili, mambo yanaendelea. Basi akawa anabonyeza la pili.

Aliomba shilingi 50,000. Zikafika 36,000. Nyingine, walisema, ni gharama. Akatakiwa arudishe 50,000 zote baada ya siku saba. Siku saba! Hata mchicha haukui ukauzwa kwa siku saba.

Siku ya nane, shemeji yake aliyeko Tukuyu akapata ujumbe. Ulisema kwamba mama huyu ni tapeli, amekimbia deni, na kwamba yeye shemeji ndiye mdhamini wake. Mwalimu wa shule akapata ujumbe huo huo. Mwenyekiti wa kikoba akapata. Mzee wa kanisa akapata. Mteja wake wa Kasumulu, anayenunua mchele kwake kila mwaka, naye akapata. Mteja huyo hakupiga simu kuuliza. Alinyamaza tu, na msimu huo akanunua mchele kwa mtu mwingine.

Watu wakawa wanaulizana, "Hawa wamepata wapi namba zetu?"

Wamepewa na mama mwenyewe, naye hakujua. Katika yale maswali ya Kiingereza, moja lilisema hivi: Je, unaturuhusu tusome majina yote yaliyo katika simu yako? Yeye akabonyeza la kuruhusu.

Hapa tuelewane vizuri. Simu yako ina daftari la majina. Ukiruhusu programu isome daftari hilo, inaweza kuchukua nakala na kuipeleka kwa mwenye programu. Programu ni kazi iliyoandikwa ndani ya simu ili simu ifanye jambo fulani. Vijana huziita apu. Baadaye unaweza kuifuta programu hiyo, lakini ile nakala ya majina imekwisha kwenda. Huwezi kuirudisha, kama vile huwezi kuyarudisha maji ya mto Songwe yakishaingia ziwani.

Tena daftari lile si mali yako peke yako. Shemeji alikupa wewe namba yake. Hakuipa kampuni ya mikopo. Mgeni akija nyumbani kwako na kusema, "Nitakukopesha jembe, ila kwanza niandikie majina ya ndugu zako wote, jirani zako wote na wateja wako wote," utamwita mwenyekiti wa kitongoji. Lakini mgeni huyo huyo akija kwa njia ya simu, tunampa kila kitu kwa kidole kimoja. Nadhani ni kwa sababu hatuoni uso wake.

Mama yetu hakuwa peke yake nchini. Malalamiko ya namna hii yalikuwa mengi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa mtandao bila leseni, na ikawaonya wananchi wasizitumie. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Nayo kampuni ya Google, yenye duka kubwa la programu za simu, mwaka 2023 ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake zisisome majina wala picha za mkopaji. Kwa hiyo siku hizi walaghai hupenda kukutumia ujumbe wenye kiungo, yaani maandishi ya kubonyeza, ili upate programu yao nje ya duka. Ukiona njia hiyo, jua kuna kitu kinafichwa.

Sasa msije mkasema kwamba kila kitu cha simu ni kibaya. Mimi natumia WhatsApp kama ninyi. Picha za wajukuu hunifikia humo. WhatsApp pia huomba majina ya simu yako, ili ijue nani unaweza kuwasiliana naye. Hatulipi senti kwa huduma hiyo, zaidi ya bando. Lakini kampuni ya Facebook iliinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa mabilioni ya dola. Mtu hatoi mabilioni kwa kitu kisicho na faida. Tangu mwaka 2016 ujumbe unaopita humo hufungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Hilo ni jema. Lakini inaweza kujua umemwandikia nani, na saa ngapi. Kwangu mimi hayo nayo ni mambo ya nyumbani. Tarishi asiyefungua barua bado anajua ni nani anayeandikiana na nani.

Kuna programu nyingine inaitwa Signal. Inaendeshwa na shirika lisilotafuta faida, na jinsi ilivyotengenezwa iko wazi kwa kila mtu kutazama. Kijana mmoja wa Mbeya alinisifia sana, nikaiweka katika simu yangu. Nikakuta humo ninayemfahamu ni yeye tu. Basi tukawa tunasalimiana sisi wawili. Ni programu nzuri, lakini kisima kizuri kilicho mbali na watu hakimalizi kiu ya kijiji.

Neno hili "wazi" nataka tulitazame kidogo, maana lina maana kubwa.

Mnapopeleka kakao kwenye chama cha msingi, macho yenu yako wapi? Yako kwenye mizani. Katika sisi hakuna anayejua kuifungua mizani na kuitengeneza. Hata hivyo tunaikubali, kwa sababu Wakala wa Vipimo huikagua na kuiwekea alama yake. Mtu asiye mnunuzi wala mwenye mizani ameiangalia. Je, mwenye mizani akisema, "Ni marufuku mtu yeyote kutazama ndani, niaminini mimi tu," tutampa kakao yetu? Hatutampa. Lakini programu nyingi za simu ndivyo zilivyo. Zimefungwa. Mwenyewe tu ndiye anayejua zinafanya nini ndani.

Zipo programu za namna nyingine. Wataalamu wanaziita programu huria. Aliyeitengeneza huyaweka wazi maandishi yote ya kazi yake. Mtaalamu yeyote anaweza kuyasoma, kuyasahihisha, na kuwapa wengine. Ni kama mbegu ya mpunga ambayo jirani anakupa, nawe unaipanda, unachagua iliyo bora, unampa mwingine. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, aliitoa kazi yake kwa njia hiyo. Inaitwa Linux. Simu za Android, ambazo ndizo nyingi humu vijijini, zimejengwa juu ya kazi hiyo. Kwa hiyo msingi wa nyumba uko wazi. Vyumba vingi vilivyojengwa juu yake ndivyo vilivyofungwa.

Hata zahanati zetu zinahusika. Hesabu za wagonjwa, chanjo na uzazi katika nchi yetu hukusanywa kwa programu huria iitwayo DHIS2. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki katika kuitengeneza ifae hapa kwetu. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti ili wafunguliwe mlango.

Na liko jambo linalonifurahisha zaidi, hasa kwa sisi tuliojifunza kusoma ukubwani. Mwezi Desemba 2004 wataalamu wa chuo hicho hicho, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya kuandikia na kupigia hesabu katika kompyuta iliyokuwa kwa Kiswahili. Waliiita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria. Walichukua maneno ya Kiingereza, wakaweka ya Kiswahili. Ingekuwa imefungwa, wangengoja mwenyewe aone kama Kiswahili kina faida kwake. Ninapomfikiria mama yetu mbele ya maswali yale ya Kiingereza, naona kazi ile haikuwa mchezo wa wasomi. Mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua, akajibu ndiyo, amekubali nini?

Sisemi kwamba programu huria haina hila. Mizani iliyokaguliwa nayo huweza kubonyezwa kwa kidole gumba. Nasema tu kwamba penye wazi, mwizi hupata taabu.

Nirudi kijijini, maana baadhi ya siri hatuibiwi. Tunazigawa wenyewe. Nimesimama kwa wakala wa fedha mara nyingi. Mzee anakuja na kitochi chake, anampa kijana simu, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, watu sita wakisikia. Shikamoo mzee, lakini hiyo si namba ya siri tena. Ni tangazo. Ibonyeze mwenyewe. Kama macho hayaoni vizuri, mwite mwanao au mkeo, mkae pembeni.

Na alama za vidole vilevile. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019. Wako mawakala wasio waaminifu waliomwambia mtu, "Rudia, haijakubali," kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lake. Laini hiyo ikifanya utapeli, jina ni lako. Bonyeza *106# ufuate maelekezo, uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" msiujibu. Pelekeni habari zake namba 15040. Mwaka 2024, bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani, wakulima wengi walitazamia fedha katika simu zao. Mtu anayengoja fedha ni rahisi kumdanganya.

Tuna sheria pia. Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya habari zako anapaswa kukuambia anazitaka kwa kazi gani. Haruhusiwi kuzigeuza kuwa fimbo ya kukuaibisha. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, na mwananchi anaweza kuilalamikia. Maoni yangu ni kwamba sheria hii ingeelezwa katika mikutano ya vijiji, kama tunavyoelezwa habari za mbolea. Kutoka Katumba Songwe hadi Dodoma ni mbali kwa mtu mwenye aibu.

Mama yetu alilipa lile deni. Aliuza debe mbili za mpunga wa chakula. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa kila jina alilolikumbuka, akawaambia, "Namba yako niliitoa mimi bila kujua. Nisamehe." Wengi walicheka naye. Yule mteja wa Kasumulu alimfuata kwa miguu yake. Alikaribishwa chai, lakini kama atanunua mchele msimu ujao hatujui bado.

Siku hizi simu yake imewekwa Kiswahili. Jambo hilo linawezekana katika simu nyingi za Android, mahali pa mipangilio, penye lugha. Mwezi uliopita mjukuu wake alimwekea programu ya tochi. Simu ikauliza kama tochi iruhusiwe kusoma majina. Mama akalisoma swali lile mara mbili, taratibu, kwa sauti. Akamgeukia mjukuu.

"Tochi," akasema, "inataka namba ya shemeji yangu wa Tukuyu ya nini?"

Akabonyeza Kataa, na tochi ikawaka.